Pikipiki kuukuu: Jinsi ya kusaka hitilafu ya umeme bila kubahatisha

MWAKA wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ambazo injini zake hazizidi ujazo wa 250cc. Biashara ya bodaboda ikapanuka kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia, na baadhi ya pikipiki zilizonunuliwa miaka ile zingali barabarani hadi leo. Injini zimekarabatiwa, minyororo na magurudumu yamebadilishwa mara nyingi, lakini nyaya aghalabu ni zile zile zilizotoka kiwandani, ila sasa zimekatwa hapa, zikaungwa pale na kuviringishiwa tepu nyeusi iliyoyeyuka gundi.

Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Pikipiki huzimika ghafla mlimani, taa ya mbele hufifia gizani, betri huwa imekufa kila asubuhi. Mwenyewe humpelekea fundi, naye fundi, bila kupima chochote, husema kifaa cha CDI kimeungua. Kinanunuliwa kipya, pikipiki inakwenda siku mbili, kisha inazimika tena. Baadaye inakuwa zamu ya koili, halafu betri, halafu koili za magineto. Mwishowe yamkini mhudumu ametumia mapato ya wiki nzima kununua vifaa ambavyo havikuwa na kasoro, ilhali kasoro yenyewe ilikuwa soketi moja iliyoota kutu.

Umeme wa pikipiki kuukuu si jambo la kutisha. Ni nyaya chache zenye kazi chache, na kila moja inaweza kupimwa. Vyombo vinavyohitajika ni mita ya kawaida ya kupimia volti na ukinzani, balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili, msasa laini na bisibisi. Mwenye vitu hivyo na saa moja ya utulivu anaweza kugundua hitilafu nyingi zinazompeleka mwenzake gereji.

Jambo la kwanza hata halihitaji chombo. Jiulize hitilafu ilianza lini na nini kilitendeka kabla yake. Je, pikipiki ilioshwa kwa mashine ya maji yenye nguvu? Ilinyeshewa usiku kucha? Ilianguka? Kuna aliyeifunga king'ora, redio au taa za ziada? Ikiwa pikipiki ilikuwa nzima Jumamosi, Jumapili ikafungwa king'ora na Jumatatu ikakataa kuwaka, hakuna haja ya kufungua injini. Anza na waya ule wa Jumapili.

Pili, fahamu muundo wa umeme wa pikipiki yako. Pikipiki nyingi za bei nafuu zinazotumika humu nchini zina injini iliyonakiliwa kutoka kwa Honda CG125, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 1976 ikilengwa mataifa yanayoendelea. Katika pikipiki za aina hii zenye CDI, kwa kawaida kuna mifumo miwili ya umeme isiyotegemeana. Mmoja ni wa kuwasha injini: koili maalumu iliyo ndani ya magineto huzalisha umeme wake yenyewe, ukapelekwa kwenye CDI, ukaenda kwenye koili ya cheche na hatimaye kwenye plagi. Mwingine ni wa betri, honi, indiketa na taa ya breki. Ndiyo maana pikipiki kama hiyo huweza kuwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa.

Maana ya hayo kwa msakaji ni kubwa. Ikiwa pikipiki ya aina hiyo imekataa kutoa cheche, kununua betri mpya ni kutupa fedha. Na ikiwa honi na indiketa zimenyamaza lakini injini inanguruma vyema, CDI haina hatia. Vilevile, katika nyingi za pikipiki hizo taa kubwa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwa magineto. Haiwaki injini ikiwa imezimwa, na hufifia injini inaponguruma taratibu. Hiyo si hitilafu, japo watu wengi wamebadilishiwa betri kwa sababu yake.

Hata hivyo, zipo pikipiki ambazo CDI yake hutegemea betri. Ili kujua yako ni ya kundi gani, fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze igusane na chuma cha injini, kisha tenganisha waya wa hasi wa betri. Washa ufunguo na upige kiki. Ukiona cheche, mfumo wako haujali betri. Usiikose, irudishe betri kwanza kisha ujaribu tena: cheche zikionekana sasa, CDI yako ni ya kutegemea betri. Jambo moja la hadhari: usitenganishe betri wakati injini inanguruma. Volti zinaweza kupanda ghafla zikaunguza balbu na vifaa vingine.

Sasa tugeukie betri. Mwenye mita asikubali kuambiwa kwamba betri ni mbovu kabla ya kuipima. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 hadi 12.8. Ikionyesha 12.4 bado inafaa. Ikionyesha 12.0 imekaribia kuisha. Lakini kipimo cha betri iliyotulia hakitoshi, kwa kuwa betri iliyochoka huonyesha volti nzuri hadi inapopewa kazi. Weka mita kwenye vituo vyake, washa indiketa na ukanyage breki, au ubonyeze stata ikiwa ipo. Volti zikiporomoka chini ya 10 papo hapo kwa sababu ya balbu chache, betri hiyo imekwisha. Pikipiki za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nyingi zilitumia volti 6. Kwazo, betri iliyojaa huonyesha takriban 6.3 au 6.4.

Fyuzi nayo huhukumiwa kwa macho, kosa ambalo ni la kawaida mno. Fyuzi ya kioo inaweza kuonekana nzima huku ikiwa imekatika chini ya kifuniko chake cha chuma. Ipime kwa mita. Tazama pia vibanio vinavyoishika, maadamu vikilegea hupata joto, na joto hilo huyeyusha kishikio kizima.

Fyuzi ikiungua, kuna sababu. Wapo wanaoziba pengo kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kwa kipande cha waya. Tendo hilo huhamisha kiungo dhaifu kutoka kwa fyuzi ya shilingi chache hadi kwenye kitita kizima cha nyaya, kilicho chini ya tangi la petroli. Sina neno la upole la kulieleza.

Njia bora ni kutumia ile balbu ya wati 21. Ondoa fyuzi na uunge balbu mahali pake. Zima taa na kila kitu, kisha washa ufunguo. Ikiwa kuna waya uliochubuka na kugusa fremu, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, lakini hakuna kitakachoungua, kwa sababu balbu hairuhusu zaidi ya ampea mbili hivi kupita. Sasa tenganisha soketi moja baada ya nyingine: ya honi, ya swichi ya breki, ya indiketa, ya taa ya nyuma. Balbu ikizimika au kufifia ghafla, umeupata waya wenye hatia. Ikiwa huwaka tu unapokanyaga breki au unapogeuza usukani, hesabu hiyo ni rahisi zaidi. Kumbuka tu kwamba balbu itawaka kidogo ikiwa kuna kitu halali kinachotumia umeme, kama vile taa ya gia huru kwenye dashibodi. Inayotafutwa ni nuru kamili.

Tumefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina lawama kubwa kuliko mengine yote katika pikipiki kuukuu, nalo ni ardhi. Kwa lugha ya mafundi, ardhi ni njia ya kurudi ya umeme: kutoka kwenye balbu, kupitia waya na fremu, hadi kwenye hasi ya betri. Wengi hufuatilia waya unaoleta umeme na kusahau kuwa usipokuwa na njia ya kurudi haufanyi kazi yoyote. Fremu ikipakwa rangi upya, rangi huziba mahali pa ardhi. Boliti ikiota kutu, mkondo hupita kwa shida. Mombasa, Lamu na kwingineko pwani, hewa ya chumvi huharakisha uharibifu huo, na shaba hugeuka kuwa unga wa kijani ndani ya soketi ambayo kwa nje inaonekana safi.

Dalili za ardhi mbovu huchekesha. Ukikanyaga breki, indiketa nazo huwaka kidogo. Ukiwasha indiketa ya kulia, taa ya nyuma hupepesa pamoja nayo. Honi hutoa sauti ya mbuzi. Umeme, baada ya kufungiwa njia yake, huwa unarudi kupitia balbu za jirani.

Kuipima ni rahisi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kituo cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha kishikio cha balbu, huku balbu ikiwa imewashwa. Ardhi nzuri huonyesha karibu na sufuri, tuseme chini ya volti 0.2. Ukiona volti nzima au zaidi, umeme huo unapotelea njiani. Kwa pikipiki yenye stata, pima kati ya hasi ya betri na mwili wa injini huku stata ikizungusha: zaidi ya volti 0.5 ni ishara kuwa waya mnene wa ardhi unahitaji kufunguliwa, kusuguliwa kwa msasa na kukazwa upya. Kipimo hiki kinashinda kile cha ukinzani, kwa kuwa waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha ukinzani mzuri kwenye mita, lakini hauwezi kubeba mkondo wa stata.

Kuhusu rangi za nyaya, hadhari inahitajika. Katika Honda na nyingi zinazoiga muundo wake, kijani ni ardhi na cheusi ni umeme unaotoka kwenye ufunguo. Katika Yamaha, cheusi ndicho ardhi. Katika Kawasaki ardhi ni cheusi chenye mstari wa manjano, na katika Suzuki ni cheusi chenye mstari mweupe. Fundi aliyezoea Honda akiunga waya mweusi wa Yamaha kwenye umeme, fyuzi itaungua kabla hajamaliza kujisifu. Isitoshe, pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watano ina rangi za mafundi watano. Amini mita kuliko rangi.

Mahali pa kutazama mwanzo, ikiwa hitilafu huja na kutoweka, ni shingoni mwa fremu ambapo kitita cha nyaya hupinda kila usukani unapogeuzwa. Baada ya miaka mingi shaba hukatika ndani huku plastiki ya nje ikibaki nzima. Washa injini, kisha geuza usukani polepole kushoto na kulia hadi mwisho. Zishike nyaya na uzitikise sehemu baada ya sehemu. Injini ikizimika au taa ikipepesa, umeshika hitilafu kwa mkono wako. Waya uliokatika ndani hunyumbuka kuliko jirani zake na, ukiuvuta kidogo, plastiki hurefuka kama mpira.

Na sasa cheche. Pikipiki inapokataa kuwaka, hakikisha kwanza kwamba tatizo ni la umeme wala si la mafuta. Weka plagi kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, kwa sababu mvuke wa petroli hutoka humo na unaweza kushika moto. Piga kiki mahali penye kivuli. Cheche nzuri ni ya buluu na hulia kwa mwaliko unaosikika. Ya rangi ya machungwa, nyembamba na isiyo na sauti, ni dhaifu. Usipige kiki huku kofia ya plagi ikining'inia hewani bila plagi. Umeme wa maelfu ya volti usiokuwa na pa kwenda unaweza kuharibu koili au CDI.

Ikiwa hakuna cheche, badilisha plagi kwanza kwa ile unayojua ni nzima. Kisha zungusha kofia ya plagi uitoe kwenye waya wake mnene. Kata nusu sentimita ya waya huo hadi uione shaba safi, kisha irudishe. Nyingi ya kofia hizo zina kizuizi ndani chenye ukinzani wa omu 5,000 hivi. Mita ikionyesha kuwa umeme haupiti kabisa, kofia ndiyo mbovu. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho huwafanya watu kununua CDI.

Ikiwa bado hakuna cheche, kuna jaribio moja ambalo kila mwenye pikipiki ya muundo wa CG angefaa kulijua. Katika mfumo huo, injini huzimwa kwa kuunganisha waya fulani wa CDI na ardhi. Ufunguo hufanya hivyo, na swichi ya kuzimia injini iliyo usukanini hufanya hivyo pia. Basi waya huo, ambao katika nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, ukichubuka na kugusa fremu mahali popote, au swichi ikiingia maji, injini huwa imezimwa daima. Tenganisha waya huo kwenye soketi ya CDI na upige kiki. Cheche zikirejea, CDI ni nzima, koili ni nzima, na kasoro iko kwenye ufunguo, swichi au waya uliopo katikati. Usiiendeshe pikipiki hivyo, kwani hutaweza kuizima kwa ufunguo.

Zisiporejea, pima ile koili ya magineto inayolisha CDI. Katika pikipiki nyingi za aina hii ukinzani wake ni omu mia kadhaa, na kile kidokezi kinachoiambia CDI wakati wa kutoa cheche huwa na omu mia moja au mia mbili hivi. Kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu wa tarakimu kamili. Linalotafutwa hasa ni sufuri, au ukinzani usio na mwisho, kwa kuwa zote mbili ni dalili za kifo. CDI yenyewe haipimiki kwa uhakika kwa mita ya kawaida. Huhukumiwa mwisho, wengine wote wakishaachiliwa, na njia nzuri zaidi ni kuazima nzima kutoka kwa mwenzako mwenye pikipiki kama yako.

Pikipiki za zamani zaidi hazina CDI bali vikutanishi vya chuma vinavyofunguka na kufunga. Pengo lake ni milimita 0.3 hadi 0.4. Vikiungua na kuwa vyeusi muda mfupi baada ya kusafishwa, kondensa imechoka.

Kuna hitilafu moja inayowatesa wahudumu kuliko zote: pikipiki inakwenda vyema kwa nusu saa, inazimika, inapumzika dakika ishirini, kisha inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Ikifika gereji ni nzima. Mara nyingi ni koili ya magineto ambayo waya wake mwembamba hutengana ikipata joto, au CDI. Lakini kifuniko cha tangi chenye tundu lililozibwa na vumbi huleta dalili zile zile, kwani petroli hushindwa kushuka. Kwa hiyo, inapozimika barabarani, sogea kando, fungua kifuniko cha tangi na usikilize kama hewa inaingia kwa mvumo. Ikiwa sivyo, kagua cheche hapo hapo na upime koili ingali moto. Kipimo cha koili iliyopoa hakina maana yoyote kwa ugonjwa huu.

Betri inayokufa kila mara huwa na sababu mbili tu: haijazwi au inavuja. Kujua kama inajazwa, pima volti zake injini ikizunguka mara 4,000 hivi kwa dakika. Zapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.8. Zikibaki 12.5, kagua soketi ya rekitifaya, kile kifaa chenye mapezi kinachogeuza umeme wa magineto ufae betri. Soketi hiyo hupenda kuungua na kugeuka kahawia. Ikiwa magineto yako ina nyaya tatu za manjano, zote tatu zapaswa kupitishiana umeme, lakini hata mmoja usipitishe kwenda kwenye injini. Volti zikipita 15, rekitifaya imeshindwa kudhibiti; balbu zitaungua mfululizo na betri itachemka hadi maji yake yakauke.

Kwa uvujaji, zima ufunguo, tenganisha waya wa hasi na uweke mita, ikiwa kwenye kipimo cha ampea, kati ya waya huo na betri. Usibonyeze stata wala kuwasha ufunguo wakati huo, la sivyo fyuzi ya mita itaungua. Pikipiki kuukuu isiyo na saa wala king'ora yapaswa kuonyesha karibu sufuri. Ikionyesha milliampea 100, betri ya ampea-saa 5 itakuwa tupu kwa saa 50, yaani siku mbili tu. Tenganisha rekitifaya, uvujaji ukikoma, ndiyo mwizi. Usipokoma, geukia king'ora, redio, tundu la kuchajia simu, na kile kifaa cha kufuatilia ambacho wakopeshaji hufunga kwenye pikipiki za mkopo. Hicho cha mwisho usikiguse bila kuwasiliana na mwenye mkopo.

Indiketa hazihitaji maneno mengi. Zikipepesa kwa kasi isiyo ya kawaida, balbu moja imeungua au imewekwa ya wati pungufu. Zikiwaka bila kupepesa, pima betri na ardhi kabla ya kununua rilei.

Hitilafu ikishapatikana, iliyobaki ni kuirekebisha kwa namna ambayo haitarudi. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga tepu hudumu hadi mvua ya kwanza ya masika. Lehemu kiungo kwa risasi, ukivike mpira unaobana kwa joto, na ukiweke mahali ambapo waya haupindi. Soketi zilizosafishwa zipakwe mafuta kidogo ya mgando kuzuia unyevu. Ikiwa waya wenyewe, ukiuchuna, una shaba nyeusi isiyong'aa hata baada ya kusuguliwa, risasi haitashika. Ukate nyuma zaidi hadi upate shaba nyekundu, na usipoipata, badilisha waya wote kutoka soketi hadi soketi.